Naenda TP (mazoezi ya ualimu) kufundisha fizikia fomu tuu, maabara hakuna. Naanzia wapi?

Mtarajiwa_Fizikia: Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa pili ualimu wa sayansi, jana nimeripoti shule moja ya kata huku Mbagala nikakuta maabara imegeuzwa stoo ya viti vibovu, darasa lina watoto 90 na ushee. Chuoni hesabu ngumu tumepiga sana ila kumuelewesha mtoto mpaka kimuingie ndo sijui. Msaada jamani

Ticha wa Temeke: Pole mdogo wangu, usiogope. Chukua uzi mita 1, funga jiwe, lining'inize mlangoni, waambie wahesabu mabembeo 10 ya kwenda na kurudi kwa saa ya simu yako, itakuja kama sekunde 20, wakipiga hesabu g (mchapuko wa kitu kinapoanguka) inatoka karibu 9.8. Mi kuna binti alikuwa anakaa nyuma kabisa hajawahi kunyoosha kidole, siku hiyo akasema ticha tufunge jiwe zito tuone, tukafunga, muda ni uleule, aisee darasa zima lilisimama. Waache wabishane kwanza, usikimbilie kuwapa jibu

mama_hisabati: Na lugha pia. Wengi msingi wamesoma kwa Kiswahili, fomu wani ghafla Kiingereza. Wanaweza wasijibu kumbe swali lenyewe hawajalielewa. Waelewe kwa Kiswahili kwanza, halafu wape maneno ya Kiingereza maana mtihani ndo unakuja hivyo

Mtarajiwa_Fizikia: Asanteni sana, uzi nimeshanunua, jumatatu naanza na jiwe