Printi za Shepard Fairey: ya namba, bango la ofseti, au HOPE ya mkononi?

mpwani82 (Mombasa)
Wakuu habari za jioni. Nataka nianze kukusanya printi za Shepard Fairey, yule jamaa wa Los Angeles wa ile picha ya Obama ya nyekundu na bluu. Sasa kila mahali naambiwa "imesainiwa" na bei zinapishana kama mbingu na ardhi. Kuna printi za skrini (wino unasukumwa kupita kwenye kitambaa cha wavu) zenye namba, inchi 18 kwa 24, anaziachia mwenyewe kwenye tovuti yake ya Obey Giant. Kuna bango la ofseti, yaani la mashine ya kiwandani kama magazeti, kubwa zaidi, lina sahihi ila namba hakuna, bei chini. Halafu kuna watu wanauza HOPE, hiyohiyo picha ya Obama ya kampeni ya 2008, mkononi, hela ya kununulia pikipiki. Sinunui ili niuze, nataka iwe ukutani sebuleni. Mngekuwa nyie mngebeba ipi?

kaka_wino (Dar)
Ya namba, mkuu. Sahihi peke yake haizuii idadi, lile bango akitaka anachapa tena mwakani na kusaini yote na hajamdanganya mtu. Ila ukiona 212/450 maana yake zimechapwa 450 basi, ukiacha chache za msanii mwenyewe zinazoandikwa AP. Na kazi yenyewe tofauti kabisa, mi nachapa tisheti kwa skrini kila siku kwa hiyo naongea ninachokijua: kila rangi inapita peke yake, wino unakaa juu ya karatasi, ukiilaza kwenye mwanga wa dirisha unaona pale rangi mbili zilipopandana pameinuka kidogo. Ofseti ukiiweka chini ya lenzi unakuta vidoti vya rangi nne vimejazana. Angalizo tu, Fairey anapenda kuchora vidoti na mistari kwenye mchoro wake, kwa hiyo usione kidoti ukapiga kelele feki, angalia kingo za rangi, za skrini zimekatika safi.

bintiZuhra
Kaka wino umeongea kama mfanyabiashara 😂 mwenzio kasema sebuleni! Kwa ukuta mkubwa lile bango la inchi 24 kwa 36 linapendeza kuliko hiyo ndogo, na watoto wakirusha mpira hulii sana. Sahihi ni yake kweli, tatizo liko wapi? Mi ningechukua bango, chenji ikaenda kwenye fremu.

otis_wa_Rongai
Tatizo ni siku akirudi kuuza, lakini sawa, amesema hauzi. Niongeze kuhusu hizo za namba: siku ya kuachia ni vita. Zinaisha chap chap, walanguzi wanazibeba, na baada ya saa moja unaikuta eBay bei mara mbili. Na hapa Kenya usisahau VAT 16% juu ya thamani pamoja na usafiri, so piga hesabu ya mwisho sio ya tovuti. Kama una ndugu Marekani anunue, akunje kwenye tyubu, akuletee akija.

dadaMinnesota
HOPE achana nayo kwa sasa mdogo wangu. Nimeishi huku tangu kampeni ile, kila kijiwe kilikuwa na bango lake. Bango la kwanza kabisa lilikuwa na neno PROGRESS, yeye mwenyewe aliuza 350, HOPE ikafuata baada ya hapo na ikachapwa kwa malaki. Kwa hiyo "HOPE orijino" ni neno la muuzaji, muulize ni chapa ipi. Kolaji yenyewe, ile kazi ya mkono ya kubandika karatasi, iko makumbusho ya National Portrait Gallery ya Washington tangu 2009. Cheti cha uhalisi nacho mtu yeyote anaprinti nyumbani, wewe dai risiti ya mnunuzi wa kwanza na picha ya karibu ya sahihi, kwa kawaida ni ya penseli, chini kulia, na mwaka.

mpwani82
Asanteni. Namba ndogo ndo bora? Kuna mtu anauza 7/450 anataka nyongeza.

kaka_wino (Dar)
Mwambie akapumzike. Hiyo ilikuwa na maana enzi za bamba la shaba linalochakaa likichapwa, skrini ya 7 na ya 400 ni ileile. Na karatasi zinachanganyika kabla hata hazijafika mezani kusainiwa.

otis_wa_Rongai
7 labda kama ni jezi ya Ronaldo.

bintiZuhra
Halafu wewe wa Mombasa, kabla ya printi tafuta fundi fremu. Ule unyevu wenu unatoa madoa ya kahawia kwenye karatasi, nimeyaona kwa shangazi yangu Nyali. Isigusane na kioo, iachwe nafasi, kadibodi ya nyuma isiwe na asidi, na asikupakie gundi wala kuilamineti, akiilamineti imeshakuwa kalenda. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua la asubuhi pia, nyekundu ndo inatangulia kufa.

mpwani82
Basi naenda na ya namba, binamu yuko Houston atanisubiria siku ya kuachia. Fundi anayejua mambo ya asidi Mombasa nani anaye? Wa mtaani kwetu nilipomuuliza akanijibu asidi iko kwa wa betri.