Wazee wanahutubia, watoto wanapiga miayo. Nifanyeje?

Mratibu_Jioni:
Habari wanajukwaa. Nasimamia kikundi cha wastaafu na watoto wa miaka 9 hadi 12. Nia ni watoto wajifunze kutengeneza kilichoharibika badala ya kutupa, kutunza mbegu, kugeuza taka za jikoni kuwa mboji. Wazee wanayajua haya vizuri sana. Shida ni kwamba kila mzee nikimpa nafasi anaanza na "zamani sisi...", na hapo saa nzima imekwenda. Mtoto mmoja mwenye ulimi akauliza: kama zamani mliishi vizuri hivyo, mazingira yaliharibiwa na nani? Mzee akanuna, hajarudi. Nataka wafundishane, si upande mmoja kuumwagia mwingine maneno. Mliowahi kufanya hili mlianzia wapi?

Bibi_Cherehani:
Mwanangu, ondoa viti. Mzee ukimsimamisha mbele ya watu atahutubia tu. Mpe kazi mkononi na mtoto mmoja pembeni yake. Wawili wakizidi sana. Mimi hufundisha kutia viraka. Macho yangu hayalioni tena tundu la sindano, kwa hiyo mtoto ndiye anayetunga uzi, na hilo si la kumhurumia bibi: asipotunga, hatushoni. Nami namwonyesha kwamba kiraka hufuata mwelekeo wa nyuzi za nguo, la sivyo kinavuta na kupasua pembeni. Habari za zamani hutoka zenyewe akiuliza. Na nguo iwe yake, si kitambaa cha mazoezi. Suruali anayoipenda ataikagua mpaka ndani.

Mchokonozi:
Namtetea mwenye ulimi. Si kila walichofanya wazee ni cha kuiga. Baba yangu hakuna redio iliyomshinda, lakini betri zilizokwisha alizifukia bustanini na plastiki akazichoma. Mtoto wa leo anaweza kumweleza kwamba moshi wa plastiki za PVC, kama za mabomba, huwa na dioksini, kemikali zenye sumu kali. Akimwambia babu hivyo, ni utovu wa adabu? Kundi lenu lisipolijibu hilo, mafunzo yatakwenda njia moja tu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa North Carolina, Marekani, kuhusu watoto wa miaka 10 hadi 14 waliosoma habari za mabadiliko ya tabianchi shuleni. Wazazi wao walianza kujali zaidi, akina baba hasa, na mabinti ndio waliokuwa na ushawishi mkubwa. Mtoto naye ni mwalimu.

Shamba_Dogo:
Anzeni na mboji, ubishi utaisha bila mtu kununa. Mzee huchomeka fimbo katikati ya lundo, akiichomoa huishika: ikiwa ya moto na ina unyevu, mambo safi, ikiwa kavu, maji, lundo likinuka, limelowa mno, ligeuzwe na kuongezwa majani makavu. Mtoto aje na kipimajoto na daftari. Lundo linalofanya kazi hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Namba zikikaa kando ya maneno ya mzee, kila mmoja anataka kujua mwenzake amepata nini.

Kwenye mbegu, chagueni mmea kwa makini. Maharage ni rahisi, hujichavusha yenyewe. Nyanya: kamua mbegu pamoja na maji yake kwenye chupa, acha siku 2 au 3 ute uchachuke, osha, kausha. Maboga yaacheni kwanza, nyuki huyachanganya na ya jirani. Mbegu chotara pia hapana. Zao la pili halifanani na la kwanza, watoto watadhani wamekosea wao.

Mratibu_Jioni:
Shikamoo Bibi. Viti naviondoa. Lakini swali la Mchokonozi kuhusu adabu umeliruka.

Bibi_Cherehani:
Marahaba. Sikuliruka, nilikuwa nasubiri hasira zipoe. Mtoto aulize, asihukumu. "Babu, betri ikioza ardhini inatoa nini?" Babu asipojua, watafute jibu pamoja. Tena mbele ya watu wawili, si ishirini. Mbele ya ishirini hata mimi ningenuna. Huyo mzee wenu alikuwa fundi wa nini?

Mratibu_Jioni:
Baiskeli.

Bibi_Cherehani:
Na watoto wote hao hakuna mwenye baiskeli mbovu? Mtume yule yule mwenye ulimi aipeleke kwake.

Mchokonozi:
Akimaliza ya mtoto, yangu ina pancha.