Kiyoyozi cha gari la umeme kinapuliza hewa isiyo na ubaridi

Mwendesha Umeme (swali)

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu kuhusu gari langu la umeme, ambalo kiyoyozi chake kimekuwa kikipoteza ubaridi kidogo kidogo kwa muda wa miezi miwili hivi, na sasa hewa inayotoka haina tofauti na ile ya nje. Feni ya ndani inavuma vizuri katika ngazi zote. Nikiwasha kiyoyozi gari likiwa limesimama, nasikia kompresa ikiunguruma kwa sekunde kama kumi, kisha inanyamaza, na baada ya dakika moja hivi inajaribu tena. Hakuna taa ya onyo iliyowaka.

Fundi wa magari ya petroli alifunga geji kiyoyozi kikiwa kimezimwa, akasema presha ni nzuri na gesi imejaa, kwa hiyo kompresa ndiyo iliyokufa. Aliponiona nasita, akapendekeza tuongeze kopo moja la gesi "ili tuone". Je, ninunue kompresa, au kuna jambo la kuangalia kwanza?

Upepo Tu

Anza na filta ya hewa ya kabini. Yangu ilikuwa imeziba kwa vumbi na majani, na nilipoibadilisha ubaridi ukarudi siku ileile.

Fundi Ubaridi

Ndugu Upepo, filta iliyoziba hupunguza nguvu ya upepo, ilhali mwenzetu anasema upepo wake ni mzuri ila ni wa joto. Si vibaya kuitazama, lakini sitarajii jibu lipatikane hapo.

Ndugu Mwendesha, nianze na kompresa. Katika gari lako hakuna mkanda wala klachi ya kuisukuma. Ndani yake mna mota inayotumia umeme mkubwa wa betri, ambao katika magari mengi ni takriban volti 400. Kompresa iliyokufa kwa kawaida haiungurumi sekunde kumi kisha ikanyamaza na kujaribu tena. Tabia hiyo inafanana zaidi na ya kompresa nzima inayoamriwa kusimama, kwa sababu sensa zimeona presha au joto lisiloridhisha.

Kuhusu geji, fundi wako amedanganywa na kipimo chenyewe. Kiyoyozi kikiwa kimezimwa, presha hufuata joto la hewa na wala si wingi wa gesi, mradi bado kuna tone la gesi iliyo katika hali ya kimiminika ndani ya mabomba. Kwa gesi ya R134a, penye joto la nyuzi 30 geji itasoma karibu bar 6.7, iwe mfumo umejaa au umebaki nusu. Njia ya kujua kiasi ni kuitoa gesi yote kwa mashine, kuiweka kwenye mizani, na kulinganisha na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. (Na kama aliamini gesi imejaa, sijui kopo alitaka kulimwaga wapi.)

Kopo hilo lina hatari nyingine. Mafuta yanayolainisha kompresa za umeme, ambayo katika magari mengi ni ya aina ya POE, ni lazima yasipitishe umeme, kwa sababu yanagusana moja kwa moja na nyaya za mota. Makopo mengi ya magari ya petroli huwa na mafuta ya PAG ya kawaida, au dawa ya kuziba matundu. Kiasi kidogo tu kikiingia kinaweza kudhoofisha kinga ya umeme, kompyuta ya gari ikagundua umeme unavuja, na gari likakataa kuwaka kabisa.

Nina swali moja: je, umeona kuchaji kwa kasi kumekuwa kwa polepole siku hizi? Katika magari mengi gesi hiyohiyo ndiyo inayopoza betri.

Mwendesha Umeme

Ndiyo, kumepungua, nami nililaumu chaja.

Nimelipeleka gari kwa fundi mwenye mashine na mizani. Kibandiko kinasema gramu 560. Zilizotoka ni 210. Baada ya kuondoa kifuniko cha mbele tuliona, mahali bomba linapoungana na kondensa (ile rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele ya gari), doa jeusi la ukubwa wa sarafu ambalo vumbi lake lilikuwa limeganda kwa mafuta, ilhali kondensa yote iliyobaki ilikuwa na vumbi kavu. Nilipoligusa, kidole kilibaki na utelezi.

Fundi Ubaridi

Hilo doa ndilo tundu lako: gesi inapovuja hutoka na mafuta, na mafuta hukamata vumbi. Abadilishe mpira wa kiungo hicho, kisha ajaze mfumo naitrojeni na kupaka povu la sabuni kuhakikisha hakuna mahali pengine panapovuja. Baada ya hapo avute hewa kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, kwa sababu mafuta ya POE hunywa unyevu upesi, ndipo ajaze gramu 560 kwa mizani. Mafuta yaliyopotea yarudishwe kwa kiasi na aina iliyotajwa na mtengenezaji, kutoka kwenye chupa ambayo haijawahi kufunguliwa. Hakikisha pia mabomba ya mpira ya mashine yake yamesafishwa mabaki ya PAG ya gari lililotangulia. Hapo ndipo mafundi wengi waangalifu hujikwaa.

Asiguse kebo za rangi ya chungwa, ambazo ndizo zinazobeba ule umeme mkubwa. Kazi hii haizihitaji.

Mwendesha Umeme

Kazi imekamilika. Kipimajoto kwenye tundu la katikati la kutolea hewa ndani ya gari kilisoma nyuzi 8 baada ya dakika tano, na kompresa haijanyamaza tena. Jana nilichaji kwenye chaja ileile niliyoilaumu, na kasi imerudi kama zamani.