Tupeane uzoefu: tochi za bei chee zilizokuangusha usiku

Kochi Jekundu: Wakuu, jana umeme umekatika nikachomoa ile tochi ya kuchaji ya machinga. Mwanga wa bluu, duara kubwa, halafu katikati tundu jeusi. Natafuta funguo chini ya kochi, kila nikimulika funguo inaangukia kwenye tundu. Boksi limeandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) 100,000! Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama 800 tu, kwa hiyo nimeshika balbu 125 mkononi na bado sioni funguo. Leteni visa vyenu.

Lindo la Usiku: Hapo kwenye tundu tuko wengi.

Mpunga Mbichi: Uzi huu umenikumbusha mbali. Nilikuwa Mlimba kwa mjomba, mpunga unakaribia kukomaa, tunalala kwenye dungu kulinda maana viboko wanapanda kutoka mto Kilombero kuja kula. Nina tochi mpya ya kuvuta kichwa. Ukivuta, mwanga unakuwa mraba, yaani unaiona ile taa yenyewe na mistari yake ukutani. Dukani niliona ndiyo kiboko ya zote.

Usiku wa manane nikashuka kujisaidia. Ukungu umelala juu ya majaruba, nawasha, mweupe wote unanirudia usoni. Navuta kichwa, mraba unatua mbali huko, miguuni giza tupu, natembea juu ya tuta kwa kupapasa. Mbele nikaona kichuguu. Nikakimulika vizuri. Kichuguu kikapumua.

Nikabonyeza nizime. Wenye tochi hizi mnajua, haizimi: kwanza inapunguza mwanga, halafu inaanza kupepesa taa ya disko. Kiboko kanikazia macho, mimi namchezeshea disko, na nyuma yangu ndiko mtoni. Yeye njia yake ya maji ni mimi! Nikajitupa mferejini, akapita juu ya tuta lile lile nililokuwa nimesimama, ardhi inatetemeka. Mjomba huko juu anapiga debe na kuita majina ya mababu.

Kijana wa Goba: Hii chai, tena ina tangawizi.

Mama Ifakara: Wewe wa Goba umewahi kulima nini? Viboko wanakula mpunga huku, waulize wenye mashamba. Na watu wanakufa kwa kukaa kati yake na maji.

Kijana wa Goba: Sijakataa viboko, nakataa kichuguu kupumua.

Lindo la Usiku: Mjomba alisema nini asubuhi?

Fundi Redio: Turudi kwenye tochi jamani. Nafungua hizi kila wiki. Taa nyeupe ya LED kimsingi ni ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu. Unga ukiwa hafifu unabaki na bluu. Betri imeandikwa ujazo wa mAh 9900, wakati saizi hiyo ya betri inayoitwa 18650 ikiwa halali ya kampuni inayojulikana nyingi ni kati ya 2500 na 3500. Ishike tu, nyepesi mno. Lile tundu linakuja pale taa inapokaa vibaya ndani ya kile kikombe kinachong'aa. Wakati mwingine nainyanyua kwa kipande cha karatasi ngumu, linaziba.

Selotepu: Bandika nailoni laini juu ya kioo, mwanga unatawanyika safi.

Fundi Redio: Na nguvu ya kufika mbali unaiua.

Selotepu: Nguvu ipi sasa? Hizo lumeni laki?

Mzee wa Mawe Matatu: Tulikuwa na tochi ya chuma, mawe matatu, balbu ya waya. Mwanga wa njano, kifutu amelala njiani unamjua kwa madoa yake. Hizi za bluu, nyoka, kuni, kamba, vyote kijivu.

Kijana wa Goba: Na mawe yakivuja mzee? Chuma chote kinaoza.

Mzee wa Mawe Matatu: Unayatoa, kijana. Mikono unayo.

Dagaa Ukerewe: Huku ziwani wengi tumeacha karabai, tunavulia taa za LED na betri kubwa. Ukinunua uchwara, unarudi na ndoo tupu. Dagaa hawasomi boksi.

Mama Ifakara: Zile za kuchaji zenye betri nzito ya asidi msiziache zimekufa kabatini. Zichajini kila mwezi hata kama hamzitumii.

Lindo la Usiku: Yangu inakaa kwenye chaji usiku kucha, mwaka wa pili huu.

Fundi Redio: Ikivimba uniletee.

Dagaa Ukerewe: Mkuu wa kiboko, mpunga mlivuna?

Mpunga Mbichi: Tulivuna alioubakiza. Tochi bado ninayo, nauza elfu tano pamoja na matope yake. Njoo inbox.

Kijana wa Goba: Disko bado linafanya kazi?

Mpunga Mbichi: Ndiyo kitu pekee kinachofanya kazi.