Vanuatu waliandika kwenye katiba kwamba ardhi yote ni ya wenyeji, je iliwasaidia?

mkulima_moro:
Wakuu habari za jioni. Naomba mnieleweshe kitu. Nilikuwa nafuatilia kazi za Prof. Yash Ghai, yule Mkenya aliyewahi kufundisha sheria Dar na baadae akaongoza tume ya katiba kwao Kenya, nikakuta kumbe alikuwa mshauri pia huko Pasifiki, Vanuatu, walipoandika katiba yao 1979. Nikaitafuta nikaisoma. Ibara ya 73 inasema ardhi yote ya jamhuri ni mali ya wenyeji wanaoimiliki kimila pamoja na vizazi vyao. Yote! Sisi huku Tz ardhi ni ya umma, rais ndo mdhamini. Sasa ukishaandika hivyo mwenyeji ni nani, na nani anathibitisha kwamba eneo hili ni la fulani? Nauliza kwa uchungu sababu kwetu kijijini eneo la ukoo lilikatwa likapewa mtu wa nje kwa karatasi ambayo wazee wetu hawajawahi kuiona kwa macho.

pwani_mbali:
Pole sana mkuu. Ili uuelewe huo mstari anza na walivyotawaliwa. Wakati huo nchi inaitwa New Hebrides, Uingereza na Ufaransa wanavitawala visiwa kwa pamoja toka 1906, yani polisi aina mbili, magereza aina mbili, shule za kiingereza na za kifaransa kila upande na zake, alafu mahakama ya pamoja ambayo mwanzoni rais wake aliteuliwa na mfalme wa Hispania. Mgeni wa taifa lingine akishuka melini anachagua afuate sheria za upande gani. Mwenyeji hana wa kuchagua, si raia wa Uingereza si raia wa Ufaransa, hana uraia wowote na amesimama juu ya kaburi la babu yake! Ndo maana katiba ilivyoanza kazi 30 Julai 1980 ikamfanya raia hapohapo kila mtu ambaye babu na bibi zake wote wanne ni wa jamii za visiwa vile. Na ardhi ndo ulikuwa moto wenyewe, walowezi wa minazi na ng'ombe walipoanza kuingia mpaka msituni kisiwa cha Santo watu wakakataa, harakati za Nagriamel za Jimmy Stevens zilianzia hapo miaka ya 60. Hata jina lenyewe la nchi, vanua maana yake ardhi.

Bw_Mipaka:
Yote kweli lakini mkuu asidhani mstari ule ulimaliza kazi. Mwenyeji hauzi ila anakodisha, mpaka miaka 75, na kwa muda mrefu waziri alikuwa na nguvu ya kusaini mkataba wa eneo ambalo koo bado zinagombania. Fikiria, nyie mnabishana nani mwenye shamba, huku mwingine ameshasaini na hela zimeshalipwa. Kisiwa cha Efate, kwenye mji mkuu Port Vila, pwani ndefu sana iliondoka hivyo. Miaka 75 mtoto anazaliwa anazeeka hajawahi kukanyaga ufukwe wa ukoo wake. Kilichonipa moyo ni sheria za 2013 za Ralph Regenvanu akiwa waziri wa ardhi, alijivua mwenyewe ile nguvu, na swali la nani mwenye ardhi likarudishwa nakamal. Nakamal ni baraza la wazee, jioni watu wanakunywa kava, kinywaji cha mizizi, kwenye kifuu humohumo, na kesi zinaongelewa mbele ya wanaojua mti upi ulipandwa na nani. Na mtu akitaka kuzuia eneo anachomeka jani la namele chini, basi hupiti. Jani hilohilo liko kwenye bendera yao.

Mama Nasra:
Nakubali ila mimi nauliza, kwenye hilo baraza mwanamke anakaa wapi? Mimi ni binti wa kwanza kwetu na kwenye mgao wa baba sikuitwa hata kusikiliza, niliambiwa mila. Vanuatu ilishatokea, 1995, ufukwe wa Champagne Beach huko Santo, mwanaume aliyetambuliwa kama mwenye ardhi akawa anachukua pesa za watalii peke yake, ndugu zake wakiwemo wanawake wakaenda mahakamani, na mahakama kuu ikasema mila inayombagua mwanamke haiwezi kushinda usawa ulioandikwa kwenye katiba hiyohiyo. Kwa hiyo walioandika waliweka mila na wakaweka usawa, na hivyo viwili vinagombana mpaka leo. Na kuna sehemu kama kaskazini ya kisiwa cha Pentecost ukoo wenyewe unafuata upande wa mama, sasa mtu akisema mila muulize ya kisiwa gani.

mkulima_moro:
Asanteni sana wakuu, na dada Nasra umenigusa, sisi hata shangazi zangu hatukuwahi kuwauliza. Nimehesabu sasa hivi, wazee wanaojua mipaka ya lile eneo toka kwenye mkuyu mpaka mtoni wamebaki wawili, mmoja haoni. Na shangazi mkubwa. Jumamosi naenda na daftari.