Naomba ushauri: mtoto wangu wa mwaka mmoja na miezi minne amekataa chakula, nafikiria kumpeleka kwa bibi yake

Mama Nuru (Jumamosi, 14 Juni 2025, saa 4:10 usiku)

Habari za usiku ndugu zangu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi minne. Tunaishi Mbagala, na baba yake yuko Mtwara kikazi tangu mwezi Februari, hivyo nyumbani tupo mimi, mtoto na dada wa kazi. Ninaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwahi daladala, na ninarudi saa moja usiku, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya siku mtoto analishwa na dada.

Kwa muda wa wiki tatu sasa mtoto huyu hataki kula. Uji anautema, ndizi anazibonyezabonyeza tu, akiona kijiko cha wali anafumba mdomo na kugeuza uso, na usiku analia mpaka sauti inamkauka. Alikuwa mtoto mchangamfu ambaye akisikia geti linafunguliwa anakuja mbio mpaka anaanguka, lakini siku hizi ananitazama tu kutoka pale alipokaa. Naombeni mnitajie dawa nzuri ya kuongeza hamu ya kula, na mnishauri kama kuna ubaya wa kumpeleka kwa mama yangu Tukuyu akakae huko hadi mwisho wa mwaka, kwa kuwa kule kuna maziwa, ndizi na hewa safi, na mama ana muda wa kumkalia.

Shangazi wa Tanga (saa 4:32 usiku)

Pole sana mwanangu. Mtoto hapewi dawa ya kula, hupikiwa chakula kinachomwita. Kijana wangu wa kwanza alinisumbua hivyo hivyo, mpaka marehemu mama mkwe wangu akachukua wali, akauponda na tui zito la nazi na samaki changu aliyetolewa miiba yote, akamkalisha mapajani na kumlisha kwa mkono wake, si kwa kijiko. Mtoto alikula mpaka akalala hapo hapo. Jaribu vidole vyako mwenyewe kabla ya kwenda duka la dawa.

Baba wa Wanne (saa 4:50 usiku)

Dada, wala usihangaike. Saga unga wa lishe wenye mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga, umpe asubuhi na jioni. Wanangu wote wanne wamekulia huo, na wa tatu ni mzito kiasi kwamba mama yake amegoma kumbeba.

Muuguzi wa Zamani (saa 5:15 usiku)

Ndugu yangu Baba wa Wanne, huo mchanganyiko ndio tuliokuwa tukiwakataza akina mama kila siku kliniki. Nafaka nne au tano kwa pamoja hazimwongezei mtoto mengi kuliko nafaka moja, na karanga au soya zikisagwa humo unga hauchelewi kuharibika. Wengi tunakumbuka watu waliopoteza maisha Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Saga nafaka moja, kisha uji unapoiva ongeza maziwa, yai au karanga zilizokaangwa na kupondwa siku hiyo hiyo. Dawa za hamu ya kula nazo si za kununua kwa kusikia, kwa maana baadhi yake ni dawa za mzio, na mtoto huishia kusinzia mchana kutwa.

Mama Nuru, nina maswali matatu. Kadi yake ya kliniki inaonyesha uzito gani kwa miezi iliyopita? Bado ananyonya? Na ni jambo gani lilibadilika nyumbani wiki tatu zilizopita? Mtoto huwa hakatai chakula ghafla bila sababu.

Mama Nuru (saa 5:40 usiku)

Asante sana. Kadi ninayo hapa. Miezi tisa alikuwa na kilo 8.3, mwaka mmoja kilo 9.0, miezi kumi na minne kilo 9.2, na juzi nilipompima alikuwa na kilo 8.7. Chanjo zake zote amepata mpaka ile ya shurua na rubela ya miezi tisa. Nyumbani hakuna kilichobadilika, dada ni yule yule na chakula ni kile kile. Mama yangu amelea watoto saba na hakuna aliyemharibikia, kwa hiyo sioni kwa nini asimlee huyu mmoja.

Muuguzi wa Zamani (saa 5:48 usiku)

Umejibu yote isipokuwa la kunyonya. Mtoto aliyekuwa anapanda amepoteza nusu kilo, na mimi siwezi kukushauri nikiwa gizani.

Mama Nuru (Jumapili, 15 Juni, saa 12:20 asubuhi)

Nimekaa na simu usiku kucha nikiandika na kufuta. Nilimwachisha ziwa wiki tatu zilizopita, kwa siku moja. Nilipaka shubiri, akaonja, akalia, akajaribu tena, na siku ya tatu hakuja kifuani tena. Nilimwachisha kwa sababu ni mjamzito. Kipimo cha utrasaundi cha jana kimeonyesha wiki kumi.

Mama mkwe alipokuja kutusalimia alimshika mtoto mkono, akautazama, kisha akasema mbele ya majirani kwamba mtoto amebemendwa na kwamba anakunywa maziwa ya mimba. Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilidhani kwa kuwa bado ninanyonyesha siwezi kushika mimba. Baba yake bado hajui. Nimekwisha kulipa tiketi ya basi ya Jumamosi ijayo, tarehe 21, mdogo wangu atampeleka. Naomba msinielewe vibaya, simtupi mtoto. Naona kwamba akiwa mbali na mimi atasahau ziwa haraka, na atapata nguvu kabla mdogo wake hajazaliwa.

Ustadhi wa Bagamoyo (saa 1:05 asubuhi)

Dada yangu, inua uso wako, kwa maana hukufanya jambo la aibu. Imani hii ya kubemenda ni ya zamani sana, na hata Waarabu walikuwa na hofu kama hiyo juu ya ghila, yaani kumwingilia mama anayenyonyesha, au mama kunyonyesha akiwa mjamzito. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikusudia kuikataza, kisha akaona kwamba Warumi na Waajemi huifanya na watoto wao hawadhuriki, asiikataze. Nawaomba akina mama wakwe waliopo humu walisikie hilo. Kama familia yenu ni ya Kiislamu, mnajua pia kwamba Sura ya Al-Baqara imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na kwamba kumwachisha kabla ya hapo ni jambo la wazazi wawili kushauriana na kuridhiana. Hapo ndipo ninapoona kasoro, kwamba mmoja wa wazazi hao yuko Mtwara na hajaambiwa lolote.

Mwalimu wa Sayansi Kimu (saa 1:30 asubuhi)

Hapa shuleni huwa nawaeleza wanafunzi lilikotoka jina la kwashiakoo. Ni neno la Kiga, lugha ya watu wa pwani ya Ghana, na daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi huko, alilipeleka katika vitabu vya tiba mwaka 1935. Wenyeji walimweleza kwamba ni ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapokuja. Hawakukosea kuona, kwani mtoto aliyenyang'anywa maziwa ya mama na kubakiziwa uji mtupu huvimba miguu na kubadilika nywele. Mama mkwe wako naye ameona kitu cha kweli, yaani mkono uliopungua, lakini sababu aliyoitaja siyo. Mtoto alianza kupungua ziwa lilipoondoka na asiwekewe kitu mahali pake.

Dada Mkubwa (saa 2:10 asubuhi)

Mimi nitasema bila kuzunguka. Vijana wa siku hizi mna simu za gharama, lakini uzazi wa mpango mnausikia redioni tu. Miaka miwili ingetosha kabisa kabla ya mwingine.

Muuguzi wa Zamani (saa 2:25 asubuhi)

Dada Mkubwa, mimba imekwisha kuwepo. Kunyonyesha huzuia mimba pale tu mtoto akiwa hajafikisha miezi sita, hapewi chochote zaidi ya ziwa usiku na mchana, na mama hajaona hedhi. Mama Nuru hakuelezwa masharti hayo, na si yeye peke yake.

Mtu wa Hesabu (saa 3:00 asubuhi)

Samahani wanachama, lakini kuna jambo ambalo wote mmelipita. Mleta uzi alisema mume yuko Mtwara tangu Februari. Sasa anasema jana kipimo kimeonyesha wiki kumi. Wiki kumi kabla ya tarehe 14 Juni ni tarehe 5 Aprili. Kwanza alisema hakuna kilichobadilika nyumbani, kisha ikatoka shubiri, kisha mimba, kisha tiketi. Nimewahi kuona visa vya namna hii vikitungwa ili watu wapoteze usingizi na baadaye wachangishwe fedha. Aweke picha ya kadi ya mtoto na ya kipimo, ndipo tuendelee.

Baba wa Wanne (saa 3:12 asubuhi)

Hata mimi sasa nimeingiwa na shaka. Nilikuwa nimeanza kumhesabia nauli.

Mama Nuru (saa 3:40 asubuhi)

Mume wangu alikuja Alhamisi Kuu, tarehe 17 Aprili, akakaa hadi Jumanne baada ya Pasaka. Sikuandika kwa sababu sikudhani kwamba nitahojiwa siku alizolala nyumbani kwake. Sijaomba fedha na sitaomba. Kaka Mtu wa Hesabu, kuanzia jana kipimo kilipotoka nimekuwa nikihesabu wiki hizo kwa vidole, nikifika tarehe 5 Aprili na kuogopa kwamba mume wangu naye atahesabu hivyo hivyo. Ndiyo sababu sijamwambia.

Muuguzi wa Zamani (saa 3:55 asubuhi)

Mwanangu, ungeuliza hilo jana ungelala. Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, takribani wiki mbili kabla ya mimba kutunga, na utrasaundi nayo hutoa umri kwa hesabu hiyo hiyo, hata kwa mama ambaye hedhi yake haijatulia kwa sababu ya kunyonyesha. Kwa hiyo wiki kumi za jana maana yake ni kwamba mimba ilitunga karibu wiki nane zilizopita. Hesabu wewe mwenyewe kutoka tarehe 14 Juni kurudi nyuma wiki nane, utafika tarehe 19 Aprili, Jumamosi ya Pasaka. Mwonyeshe mume wako maneno haya kama itabidi.

Na mtu yeyote asimwambie mama aweke kadi ya mtoto hadharani. Ina jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na mahali anapoishi.

Mtu wa Hesabu (saa 4:20 asubuhi)

Nimekubali kwamba kanuni hiyo sikuijua. Naomba radhi kwa mleta uzi.

Aliyelelewa Bukoba (saa 5:05 asubuhi)

Nimesoma uzi huu tangu jana bila kuandika. Mimi nilipelekwa kwa bibi nikiwa na mwaka mmoja na nusu, kwa sababu hii hii. Bibi alinipenda, sitamsema kwa ubaya, na maziwa na senene nilikula mpaka nikanenepa. Mama alikuja kunichukua nikiwa na miaka minne. Naambiwa nilijificha nyuma ya sketi ya bibi na kuuliza yule mama ni mgeni wa nani. Mama yangu ni mtu mzima sasa, na hadi leo habari hiyo ikisimuliwa kwenye sherehe watu wakacheka, yeye huinuka na kwenda jikoni. Mleta uzi, unasema anakutazama tu kutoka alipokaa. Amepoteza ziwa kwa siku moja, na Jumamosi atapoteza harufu yako, nyumba yake na dada aliyemzoea, kwa siku moja nyingine.

Mama Nuru (saa 5:30 asubuhi)

Nimelia kusoma hayo. Lakini naomba mnielewe na mimi. Ninatapika kila asubuhi ndani ya daladala. Nikirudi sina nguvu hata ya kumwinua. Mama yangu amekwisha kuandaa kitanda, na tiketi hairudishwi fedha.

Shangazi wa Tanga (saa 5:50 asubuhi)

Basi bibi ndiye apande basi aje Mbagala. Na mjue kwamba Juni Tukuyu ni baridi na ukungu, si hali ya kumtupia mtoto aliyezoea joto la Dar es Salaam akiwa mdhaifu. Sisi Tanga kumlikiza mtoto, yaani kumwachisha ziwa, ni kazi ya miezi, unampunguzia la mchana kwanza, la usiku linabaki mwisho.

Muuguzi wa Zamani (saa 6:15 mchana)

Kesho nenda kliniki naye. Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mguu kwa muda mfupi, na kama kishimo kinabaki usisubiri kesho. Kama afya yako ni nzuri na hujawahi kupata uchungu wa kabla ya wakati, unaweza kumrudisha kifuani akitaka, kwani maziwa hayo hayana sumu yoyote, ingawa yatapungua mimba ikikua. Asiporudi, apewe milo minne au mitano kwa siku, na vikombe viwili vya maziwa yaliyochemshwa. Huu ni mwezi Juni, ulizia pia matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Chanjo ya pili ya shurua ni Agosti, akitimiza miezi kumi na minane.

Mama Nuru (Jumatatu, 16 Juni, saa 3:25 usiku)

Tumetoka kliniki. Utepe wa kupima unene wa mkono umesoma sentimita 12.9, miguu haijavimba, amepewa matone na dawa ya minyoo, na ametakiwa kurudi baada ya wiki mbili. Jana usiku nilimweka kifuani. Alinusa kwanza, akanitazama usoni muda mrefu, kisha akanyonya kidogo na kulala. Leo amekula wali wa tui la nazi, nusu kikombe, kutoka mkononi mwangu.

Baba yake nimemwambia. Alinyamaza, kisha akauliza mtoto anaendeleaje. Mama yangu anasema hawezi kuja mpaka avune maharage. Tiketi nimeisogeza hadi tarehe 5 Julai. Sijaifuta.

Aliyelelewa Bukoba (saa 3:40 usiku)

Tarehe 30 Juni mkirudi kliniki, tuandikie kilo zake.