"Kaka, sifuri hiyo. Umeiona? Andika." Huyu bosi wa wateja wa siri kanivua nguo mchana kweupe

Chalii wa Sanawari:

Wakuu, naandika nikiwa nimekaa kibarazani kwa shemeji, mikono inatetemeka, hata chai sijanywa. Jina lake nisiulizwe. Mnamjua. Yule yule wa ofisi ya ghorofani, ngazi zenye giza, viatu vilivyochongoka kama mkuki, kila akivuta pumzi anatoa "ubora wa huduma". Nusu ya vijana wa Arusha mmeshapanda zile ngazi, msijifanye wageni.

Picha linaanza hivi. Kazi yenyewe wanaiita misteri shopa, yaani mteja wa siri. Unaingia dukani, hotelini, benki au sheli kama mteja wa kawaida, unanunua, unakagua kimya kimya, ukitoka unajaza fomu. Umesalimiwa? Umesubiri dakika ngapi? Choo kina sabuni? Risiti umepewa au mpaka uombe? Leo saa nne asubuhi nikapangiwa sheli moja barabara ya kwenda Moshi. Niweke mafuta ya 10,000 kwa hela yangu, nitarudishiwa, na juu yake napewa 15,000 ya jasho. Gari sina. Nikaazima IST ya shemeji kwa maneno matamu na ahadi ya kuiosha.

Nilijiandaa kama shushushu. Miwani myeusi, kofia, fomu nimeikariri yote. Jana usiku nimefanya mazoezi ya kusema "weka ya kumi" mbele ya kioo mpaka mama watoto akaniuliza kama naumwa.

Basi naingia, nashusha kioo, mdomo sijaufungua. Yule dada wa pampu ananitazama, anatabasamu, anapaza sauti kama yuko mnadani: "Kaka, sifuri hiyo. Umeiona? Andika."

Andika! Wakuu, ANDIKA!

Bodaboda watatu, mama mmoja na dumu lake, konda wa kifodi ananing'inia mlangoni, wote shingo zimegeuka. Na hakuishia hapo. "Salamu nimekupa, weka tiki. Risiti hii, hujaiomba, weka tiki. Choo kiko nyuma, sabuni tumeweka asubuhi kwa ajili yako." Kwa ajili yangu! Mara meneja huyo anakuja na soda ya baridi. Nimeinywa, ningefanyaje, ila imeshuka kama shubiri. Yule konda wakati kifodi kinaondoka akapiga kelele, "Siri, andika na namba yetu!"

Nampigia bosi niko nalia kwa hasira. Anajibu kwa upole wa mchungaji: "Umeshindwa kutunza siri, fomu yako haina sifa, hulipwi." Mimi nimeshindwa! Nani kawaambia kama siyo yeye? Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, sabuni imeshawekwa! Hata 10,000 yangu hairudi. Na mafuta yenyewe yako kwenye tangi la shemeji, sasa hivi kaenda nayo Usa River.

Hii kazi ni halali au nimepigwa? Nikifumba macho tu namsikia. "Umeiona? Andika." Mchana nimeomba chumvi mezani, mama watoto ananisogezea: "Chumvi hiyo, andika."

Nawasilisha kwa uchungu.

MamaKisusio:

"Sabuni tumeweka asubuhi kwa ajili yako" 😂😂😂 nimekufa mimi. Soda gani lakini?

Konda Mstaafu:

Chai hii. Tena imezidi sukari.

Chalii wa Sanawari:

Mtu kadhalilishwa mbele ya dumu la mafuta ya taa nyie mnauliza soda. Fanta.

Njoro Kwa Chini:

Pole mkuu. Swali dogo tu: kuanza hiyo kazi ulitoa chochote?

Chalii wa Sanawari:

Elfu ishirini tu. Ya kitambulisho.

Njoro Kwa Chini:

Kitambulisho cha nini?

Chalii wa Sanawari:

Cha mteja wa siri. Kina picha, muhuri na kamba ya bluu. Siyo cha kubahatisha, kimetiwa na plastiki.

MamaKisusio:

Ngojeni kwanza. Ngojeni. Mteja wa SIRI. Ana KITAMBULISHO.

Konda Mstaafu:

Na leo asubuhi kilikuwa wapi?

Chalii wa Sanawari:

Mfukoni.

Konda Mstaafu:

Mkuu.

Chalii wa Sanawari:

Kwenye dashibodi. Lakini siyo kwa kujionyesha! Trafiki wa pale mbele huwa wanamheshimu mtu mwenye kitambulisho.

MamaKisusio:

Jamani nishikeni 😂😂😂

Ngoswe wa Ngaramtoni:

Uzi huu ufungwe. Mshtakiwa amekiri.

Chalii wa Sanawari:

Na sabuni je? Kitambulisho kimefika saa nne, sabuni imewekwa asubuhi! Nijibuni hilo la sabuni!

Mhasibu wa Njiro:

Tuache utani kidogo. Kazi ya mteja wa siri ipo na ni halali kabisa. Ilianza kuitwa hivyo Marekani miaka ya 1940, na chama cha kampuni zao, MSPA, kipo tangu 1998. Kampuni ya kweli haikutozi hata senti tano kujiandikisha, yenyewe ndiyo inakulipa. Ujira ni mdogo, unachelewa, na siyo mshahara wa kujengea. Mara nyingi unatanguliza hela yako, unarudishiwa ukileta risiti na fomu isiyo na kasoro. Kitambulisho cha kuvaa hakuna. Kuna kazi chache unapewa barua, nayo unaitoa ukishakamatwa tu. Kwa hiyo mkuu, ulipigwa siku ile ya elfu ishirini, ya leo ni matanga.

MamaKisusio:

Mwenzio anadai elfu kumi, wewe unamletea 1940.

Dada wa Kiborloni:

Afadhali wewe umekunywa Fanta. Binamu yangu yuko Marekani, alipata "kazi" hiyo hiyo kwa barua pepe. Akatumiwa hundi ya dola 2,000, aiweke kwenye akaunti yake, akate ujira wake, inayobaki anunue kadi za zawadi ili "akague huduma" ya duka, halafu atume picha za namba za nyuma ya kadi. Benki ikamwonyesha hela imeingia. Akanunua, akatuma. Wiki ya tatu hundi imerudi, feki. Kumbe kule benki inatakiwa ikuachie hela ndani ya siku chache, ila hundi feki inaweza kuchukua wiki kadhaa kugundulika. Benki haimjui tapeli, inamjua yeye, na ikamdai yeye. Serikali yao, wale FTC wanaolinda walaji, wanapiga kelele kila mara kuhusu huo mchezo, na watu bado wanaingia mzimamzima. Sisi ukoo mzima tulichangishana kwenye kundi la WhatsApp. Mimi peke yangu nilitoa laki mbili, na mpaka leo hata ahsante sijasikia. Krismasi kaja na simu mpya.

Njoro Kwa Chini:

Krismasi kaja na simu mpya!! Hapo ndipo penye uzi.

Konda Mstaafu:

Huku kwetu hatuhangaiki na hundi. Ni "ile hela tuma kwenye namba hii", basi. Ukipata meseji ya hivyo itume 15040 kwa TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano.

Chalii wa Sanawari:

Bosi ana namba nne. Nianze na ipi?

Konda Mstaafu:

Anza na ile aliyopokelea elfu ishirini.

Ngoswe wa Ngaramtoni:

Mimi nina langu kuhusu sheli. Kuna moja, siitaji, ukimwambia weka ya elfu tano anaanza kukupigisha stori za mpira, ukishtuka pampu inasoma elfu mbili na bado bomba hujaliona likiingia. Sifuri yenyewe hujawahi kuionyeshwa tangu ubatizwe. Wewe unaonyeshwa sifuri unakuja kulia humu.

Bibi Harusi wa Pasua:

Mnaongelea sifuri, mimi naongelea pipi. Hapa Moshi ukidai chenji ya mia unapewa pipi. Nina mkoba una pipi kumi na saba. Siku nikirudi kulipa kwa pipi nitaitwa mwizi.

Dada wa Kiborloni:

Nilijaribu! Nilimpa mangi pipi zake mbili zilezile, akaniambia "dada, hii siyo benki".

Ngoswe wa Ngaramtoni:

Moshi mnapewa pipi? Arusha tunaambiwa "chenji utachukua kesho", na kesho ukija dukani kuna sura mpya, hakujui.

Bibi Harusi wa Pasua:

Usianze kushindanisha miji. Arusha hamjui hata kuomba chenji, mnaona aibu mbele ya watalii.

Mpiga Debe Kwa Mrombo:

Nimechelewa. Ile sheli naifahamu, nimejaza pale wiki jana na nimeambiwa hivyohivyo: "Kaka, sifuri hiyo, andika." Sina kitambulisho chochote, nilikuwa nimevaa miwani tu. Wenye sheli wamewatisha wafanyakazi kuwa mteja wa siri anaweza kuja siku yoyote, wasijue ni nani. Sasa kila mwenye miwani myeusi wanamfanyia maonyesho. Sabuni inawekwa kila asubuhi. Ni ya kila mtu.

Njoro Kwa Chini:

Pipi za mnanaa au zile za maziwa?

Bibi Harusi wa Pasua:

Za mnanaa. Za maziwa mangi anakula mwenyewe.

Chalii wa Sanawari:

Jamani turudi kwenye mada. Elfu kumi yangu. Na yule dada, alivyosema "andika", alivuta ile "a" ya mwisho, kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Andikaaa.

MamaKisusio:

Lile dumu la yule mama lilikuwa la lita ngapi?

Shemeji Mwenye IST:

Nimesoma uzi wote. Nimerudi kutoka Usa River, mafuta yameisha, gari haijaoshwa. Umeiona? Andika.

Chalii wa Sanawari:

Shemeji na wewe uko humu??

Dada wa Kiborloni:

Tukirudi kwenye pipi, mimi naona tungechagua siku moja, wote tupeleke za kwetu dukani kwa pamoja. Nani yuko tayari Jumamosi, tukutane Mbuyuni?